Mjadala: Ekari 425 za reli jijini Nairobi zipimwe kwa pamoja, au kiwanja kwa kiwanja?

Mleta hoja

Ardhi ya reli iliyo kusini mwa Haile Selassie Avenue, inayoanzia Uhuru Highway na kuelekea upande wa Muthurwa, ina ukubwa wa ekari 425, na ndiyo inayokusudiwa kujengwa Nairobi Railway City: stesheni kuu mpya, ofisi, nyumba za kuishi, maduka na bustani. Michoro ya stesheni ni kazi ya kampuni ya Atkins ya Uingereza, na Novemba 2022, wakati wa mkutano wa tabianchi wa COP27 nchini Misri, serikali za Kenya na Uingereza zilikubaliana kuuharakisha mradi huo. Sihoji kama ujengwe. Ninahoji athari zake kwa mazingira zitapimwa namna gani, na lini. Msimamo wangu ni kwamba eneo zima lipimwe kwanza kama kitu kimoja, kabla ya kiwanja chochote kupewa leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, kwa sababu tathmini ya jengo mojamoja, hata ikifuata sheria neno kwa neno, hujibu maswali madogo na kuliacha kubwa likiwa halina mwenyewe.

Chukua maji. Mainjinia wa reli walipofika hapa mwaka 1899 walipiga kambi kwenye tambarare yenye kinamasi, na kila anayeshukia stesheni ya sasa wakati wa masika anajua kwamba kinamasi hakijasahau kwao. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya ekari 425 ni takriban meta za ujazo 86,000 za maji, sawa na malori 8,600 ya maji yenye ujazo wa lita 10,000 kila moja. Leo sehemu ya maji hayo hunywewa na ardhi iliyo wazi kati ya njia za reli, mahali penye nyasi na kokoto. Mkiifunika kwa saruji, maji yatakwenda Mto Nairobi au Mto Ngong, yaani yatawateremkia watu wa bondeni ambao mafuriko ya Aprili 2024 bado hayajawatoka akilini. Mwendelezaji wa jengo moja atasema, tena kwa haki, kwamba paa lake linaongeza kiasi kidogo mno. Wa pili atasema vivyo hivyo, na wa ishirini pia. Hakuna atakayekuwa amesema uongo, na mto utafurika.

Kuna na udongo. Karakana za reli zimetumika hapo kwa zaidi ya miaka mia moja, na sijapata kuona karakana ambayo haikumwaga dizeli na grisi chini. Ukitembea kando ya mabehewa yaliyoegeshwa utaona changarawe iliyoshikamana kwa mafuta hadi ikawa kama lami, na jua likiwaka utaisikia harufu yake kabla hujaifikia. Vipimo vya udongo huo vifanywe na kuwekwa wazi kabla ya buldoza kuingia, kwa kuwa ukishachimbwa na kubebwa usiku kwa malori, hakuna atakayejua ulimwagwa wapi.

Sheria haitukwazi. Kifungu cha 58 cha sheria ya mazingira ya 1999 kinadai tathmini kwa kila mradi ulioorodheshwa katika sheria hiyo, na marekebisho ya 2015 yakaongeza tathmini ya kimkakati, yaani ya mpango mzima badala ya mradi mmojammoja, kwa sera, mipango na programu. Chombo tunacho.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta hoja, hesabu yako ya maji naikubali, lakini umepima upande mmoja tu wa mizani. Jengo lisilojengwa karibu na stesheni halipotei. Linahamia pembezoni mwa Nairobi, Kitengela, Ruiru au Ngong, juu ya ardhi iliyokuwa shamba au malisho, na wakaaji wake wanaingia mjini kila asubuhi kwa gari. Moshi wa safari hizo, na maji yanayotiririka kutoka kwenye mapaa ya huko, hayaandikwi katika ripoti yoyote ya NEMA, kwa sababu mtawanyiko wa mji hauna mwombaji wa leseni. Tathmini isiyouliza "tusipojenga hapa, tutajenga wapi?" ni nusu ya tathmini. Nina hofu pia, na nasema haya nikiwa nimefanya kazi kwenye miradi ya ujenzi, kwamba tathmini ya eneo zima itachukua miaka, na miaka hiyo ardhi ya umma haikai bure: humegwa.

Mchangiaji wa pili

Mimi nauza mitumba Muthurwa, na ningeomba wakubwa mnisikilize. Mvua ikianza tunapandisha marobota juu ya kreti za soda mbili, wakati mwingine tatu, na tunajua kila mtaro ulioziba bila ya kuwa na mchoro. Kanuni za 2003 za tathmini ya mazingira zinataka angalau mikutano 3 ya hadhara, pamoja na matangazo ya redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Ripoti zenyewe, hata hivyo, huja kwa Kiingereza, mamia ya kurasa, na mkutano unaitishwa saa nne asubuhi siku ya soko. Msisahau pia kwamba Agosti 2013 Mahakama Kuu iliamua kuwa haki za wapangaji wa nyumba za reli za Muthurwa zilikiukwa walipoanza kufurushwa. Kuhamishwa kwa watu ni athari, nayo ihesabiwe pamoja na miti.

Mleta hoja

Mchangiaji wa kwanza amenisahihisha, nami nakubali: ulinganisho na mji unaotawanyika uingie katika tathmini, na nadhani utaupa mradi nguvu. Kuhusu kuchelewa sikubaliani naye. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilitolewa mwaka 2016, na Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ikaifuta, mojawapo ya sababu zake kuu ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Miaka hiyo yote ilipotea kwa sababu kazi ya mwanzo ilifanywa kwa haraka.

Kwa dada au kaka wa Muthurwa, ninaongeza matakwa mawili kwenye hoja yangu ya awali: muhtasari wa Kiswahili ubandikwe sokoni kabla ya mkutano wa kwanza, na ramani ya mitaro mnayoijua ninyi iingizwe katika ripoti. Sasa nawauliza wanaotetea kiwanja kwa kiwanja, kwa kuwa bado hawajajitokeza: zile meta za ujazo 86,000 zitaandikwa katika leseni ya nani?