Bahasha za mama mdogo na kadi ya matibabu

Ndugu zangu wa Tabora mlioko nje,

Nimeyasoma kwa makini yote yaliyoandikwa wiki hii, tangu kaka yetu wa Houston alipotuambia kwamba muumini anayekata bima ya afya anatangaza kuwa hamwamini Mungu wake, na tangu dada yetu wa London alipomjibu kwamba kwao mjadala huo haupo kwa sababu matibabu yanalipiwa na kodi. Nilitaka kunyamaza, kwa kuwa mimi si mchungaji wala si daktari. Ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Columbus, Ohio. Lakini jambo hili liliingia nyumbani kwetu Isevya, na lilipoondoka liliondoka na mkono wa kulia wa mama yangu mdogo.

Mama mdogo alikuwa mgonjwa wa presha kwa miaka mingi. Kila mwezi alikwenda kliniki, akapimwa, akapewa vidonge, akarudi navyo nyumbani na kuvitia katika kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati karibu na redio. Mwaka 2019 lilisimikwa hema la mhubiri mmoja, ambaye sitamtaja, si mbali na nyumbani. Mama mdogo alipakwa mafuta, akaitwa mbele kutoa ushuhuda kwamba amepona, kisha akaambiwa kwamba aliyepona hamezi tena dawa, kwani kumeza ni kuukana uponyaji wake mwenyewe. Akaziacha, na hakumwambia mtu. Baada ya miezi saba, asubuhi moja akiwa uani anapepeta mchele, ungo ulimponyoka mkononi, na alipotaka kumwita binti yake maneno hayakutoka. Kilikuwa kiharusi.

Alipofikishwa hospitali hakuwa na kadi yoyote ya matibabu. Wengi wenu mnaikumbuka harambee ile, kwa maana ninyi ndio mliochanga usiku kucha kwa simu, na sijaacha kuwashukuru. Nilipopata likizo mwezi wa Desemba nilikwenda kumwona. Ulikuwa msimu wa maembe, na watoto walikuwa wameyajaza kwenye ndoo hadi mlangoni. Nililifungua lile kopo nikakuta pakiti za vidonge zikiwa zimepangwa vizuri, ya juu kabisa imetobolewa matundu mawili tu. Chini ya kopo palikuwa na bahasha za kaki za sadaka ambazo hazijatumika, zenye mstari wa jina na mstari wa kiasi, na kando yake daftari dogo ambamo mama mdogo, mtu mwenye mpangilio tangu ujana wake, alikuwa ameandika kila alichotoa: 20,000 kwa mwezi, na 50,000 katika miezi ambayo mimi nilituma fedha za sikukuu. Wakati huo kadi ya bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka mzima, kwa kaya ya watu 6. Nilikaa mkekani na daftari lile mapajani hadi giza likaingia. Fedha zilizokuwa katika bahasha hizo nyingi zilikuwa zangu. Kila nilipopiga simu niliuliza kama wamekula, kama mvua imenyesha, kama watoto wanakwenda shule. Hata siku moja sikuuliza kuhusu kadi wala kuhusu vidonge.

Ninaandika haya nikiwa muumini. Nimelelewa katika Kanisa la Moravian, ninatoa fungu la kumi mpaka leo, na nilimwombea mama mdogo kwa machozi. Sioni popote katika imani yangu kwamba maombi na dawa ni maadui. Luka, aliyesafiri na Paulo, alikuwa tabibu, na hakuna aliyemwambia auache utabibu wake ili aaminike. Ndugu zetu Waislamu, ambao tumekua nao nyumba kwa nyumba, nao wana fundisho linalojulikana na kila mtoto wa madrasa, la kumfunga ngamia kwanza ndipo umtegemee Mungu. Kaka yetu wa Houston aniwie radhi, lakini anaposema bima ni kukosa imani, ninamwomba ajiulize kama anaufunga mlango wake usiku.

Sasa niseme kuhusu utajiri wa wahubiri, ambao baadhi yenu mmeomba usiguswe. Mimi naona ni lazima uguswe, kwa sababu fedha zile zile zinazonunua gari la mhubiri ndizo zingenunua kadi. Huku Marekani jambo hili limejadiliwa mpaka bungeni. Mwaka 2007 seneta Chuck Grassley wa Iowa, ambaye mwenyewe ni Mkristo, aliziandikia barua huduma 6 za wahubiri wa televisheni, wakiwemo Kenneth Copeland, Creflo Dollar na Benny Hinn, akiuliza kuhusu ndege, nyumba na mishahara. Huduma 2 zilitoa ushirikiano wa kutosha. Nyingine zilijibu nusunusu au zilikataa, na ripoti iliyotoka Januari 2011 haikumwadhibu mtu. Sheria ya kodi huku inayataka mashirika mengi ya hisani kuwasilisha kila mwaka taarifa ya mapato na matumizi ambayo mwananchi yeyote anaweza kuisoma, lakini makanisa yamesamehewa wajibu huo. Mwaka 2015 huduma ya Creflo Dollar iliwaomba waumini wachangie ndege ya dola milioni 65. Mwaka 2018 mhubiri mwingine, Jesse Duplantis, aliwaambia wafuasi wake kwamba anahitaji ndege ya dola milioni 54. Waliotoa michango ya namna hiyo ni watu kama tulio nao kazini, wengine wakiwa na bili za hospitali ambazo hawajazifungua.

Sisemi kwamba mtumishi wa Mungu awe fukara. Ninasema kwamba fedha ya sadaka ni lazima isomwe hadharani. Katika kanisa nililokulia, kila Jumapili mhazini alisimama akasoma kilichopatikana wiki iliyotangulia na kazi iliyofanywa nacho, hata kama ni mabati matatu na mfuko mmoja wa saruji, na bibi aliyetoa karanga kwenye kikapu alisikia karanga zake zimeuzwa kwa kiasi gani. Yule wa hema hakuwahi kusoma chochote. Alipohama alihama na jenereta, spika na viti, na hakuna mtu Isevya anayejua alikusanya kiasi gani.

Hata hivyo haki inanitaka niongeze jambo moja, maana si kila hasara inatokana na tamaa ya fedha. Mnamkumbuka Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, ambaye mwaka 2011 alinywesha maelfu kwa maelfu kikombe cha dawa kijijini Samunge. Alitoza shilingi 500 kwa kikombe, na aliishi maisha ya kawaida hadi alipofariki mwaka 2021. Hakuna aliyeweza kumwita tapeli wa ndege. Lakini wagonjwa walitolewa vitandani wakapakiwa kwenye magari ya kukodi, wengine wakafia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao kwa kuamini kwamba kikombe kimemaliza kazi. Kwa hiyo mhubiri akiwa na gari la kifahari au akiwa na kandambili, swali langu kwake ni lile lile: je, umemwambia mgonjwa aache dawa?

Kaka yetu aliandika pia kwamba kuhudumia wagonjwa ni kazi ya kanisa na si ya serikali, na kwamba serikali ikiingia hapo inaiba nafasi ya upendo. Hoja hiyo nimeisikia sana huku Marekani, hasa katika ubishi juu ya sheria ya bima ya afya iliyosainiwa na Rais Obama Machi 2010. Ninaiheshimu, lakini mkoa wetu unatoa ushahidi mwingine. Hospitali ya Nkinga, kule Igunga, ni ya Wapentekoste, watu wa maombi na wa kunena kwa lugha, na ilianzishwa na wamisionari wa Kiswidi. Ndala ni ya Wakatoliki. Sikonge ni ya sisi Wamoravian. Waliozijenga waliomba kweli kweli, kisha wakanunua hadubini. Lakini hospitali za namna hiyo haziendeshwi kwa sadaka peke yake: nyingi zina mikataba na serikali, zina watumishi wanaolipwa na serikali, na zinapokea malipo ya bima. Mkunga anayepokea mtoto saa tisa usiku katika hospitali ya misheni anaweza kuwa anapata mshahara wake Hazina, na mama aliyejifungua asijue wala asihitaji kujua. Upendo haukuibwa hapo.

Tusisahau tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 matibabu katika vituo vya serikali yalikuwa bure, na mwaka 1977 hospitali binafsi za kibiashara zilipigwa marufuku. Hali ya uchumi ilipokuwa mbaya, dawa zilikwisha katika madirisha. Mwaka 1991 hospitali binafsi ziliruhusiwa tena, na kuanzia mwaka 1993 uchangiaji wa gharama za matibabu ukaingia hatua kwa hatua. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipobuniwa, wilaya ya kwanza kuujaribu ilikuwa Igunga, mwaka 1996; ni mkoa wetu uliofungua njia. Wanakaya walichangia kabla ya kuugua, na serikali ikaongeza kiasi hicho hicho kwa mpango wa tele kwa tele. Mfuko ule ulikuwa na udhaifu wake, na ni kweli kama alivyoandika mjomba wa Toronto kwamba mwenye kadi anaweza kufika dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Hilo ni la kulalamikia kwa nguvu zote. Lakini mwenye kadi anakosa dawa siku hiyo. Asiye na kadi hafiki hata dirishani, anakaa nyumbani akisubiri ugonjwa upungue. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, kwa hiyo mwenye mzee nyumbani afuatilie utambulisho wake kwa mtendaji mapema, kabla hajalazwa.

Kwa dada yetu wa London sina mengi. Mfumo wao ulianza tarehe 5 Julai 1948, na anastahili kuujivunia. Ninamkumbusha tu awaambie vijana wanaojiandaa kwenda huko kwamba wengi wenye viza ndefu hulipa tozo ya afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa watu wazima wengi wasio wanafunzi, na hulipwa pamoja na maombi ya viza.

Sisi wa Marekani ndio tunaoumia zaidi kwa kutojua. Kaka yetu amependekeza tujiunge na vikundi vya Kikristo vya kugawana gharama za matibabu. Vikundi hivyo vipo kisheria na vimewasaidia baadhi ya watu, ila si bima: hakuna mkataba unaovilazimisha kulipa bili yako, na vingi vinaweka mipaka kwa ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga. Mwenye presha au sukari asome masharti yote kabla ya kutoa dola yake ya kwanza. Dirisha la kujiandikisha katika soko la bima la serikali hufunguliwa tarehe 1 Novemba kila mwaka. Wengi wenye kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, husubiri miaka 5 kabla ya kupata Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na mzazi wa miaka 65 uliyemleta kwa kadi ya kijani naye husubiri miaka 5 kabla ya kuruhusiwa kununua Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, kwa hiyo msimlete mama bila kujua atatibiwa vipi katika miaka hiyo. Ukipatwa na dharura, sheria ya mwaka 1986 inazilazimisha hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha za Medicare kukuchunguza na kuituliza hali yako hata kama huna senti. Bili itakuja baadaye. Ikija, usiifiche chini ya godoro. Hospitali zisizo za kibiashara zinatakiwa kuwa na utaratibu wa maandishi wa kuwapunguzia au kuwafutia gharama wasio na uwezo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali za kuomba. Mwaka jana nilimsaidia kijana wa kutoka Nzega kujaza fomu hiyo kwenye meza yangu ya jikoni. Alikuja na hati za mshahara za miezi mitatu kwenye mfuko wa plastiki, mikono ikimtetemeka, na bili yake ikafutwa yote.

Mama mdogo yupo. Anaongea polepole, anamenya karanga kwa mkono wa kushoto, na bado anakwenda ibadani, safari hii kwa mchungaji ambaye kila anapomtembelea humuuliza kwanza kama amemeza vidonge. Mjukuu wake wa darasa la sita ndiye anayetia alama kwenye kalenda kila jioni.

Ombi langu kwenu ni hili. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023, na viwango na taratibu hubadilika, hivyo msitegemee zile 30,000 nilizozitaja. Kila mmoja ampigie mtendaji wa mtaa au wa kijiji chake, aulize kiwango cha sasa kwa kaya na nani anaandikisha, kisha aniletee majibu kabla ya tarehe 10, akitaja wilaya tu bila majina ya wagonjwa. Nimekwisha kuuliza kwa Manispaa ya Tabora. Ninahitaji mtu wa Uyui, wa Sikonge, wa Urambo, wa Kaliua na wa Nzega. Fedha zilizobaki katika harambee ya mama mdogo bado zipo, hesabu yake nitaisoma mbele yenu nyote siku ya mkutano wetu wa simu, na ninapendekeza zitumike kulipia kaya za kwanza.