RAV4 2008 inatoa P0171 na P0420: nikate masega?

mdau_rav4
Wakuu, gari ni RAV4 ya 2008, injini 2AZ-FE. Taa ya injini imewaka, nimechomeka ELM327 (kisoma hitilafu) ya bluetooth ikatoa P0171 (hewa nyingi, mafuta kidogo) na P0420 (masega hayasafishi ipasavyo). Fundi anataka kukata masega (kisafisha moshi kilicho kwenye eksozi). Sijafuta kodi (namba hizo za hitilafu). Niangalie nini kwanza?

umeme_wa_magari
Vizuri hujafuta. Ukifuta, inapotea pia data iliyogandishwa: mzigo, joto na mizunguko ya injini pale hitilafu ilipojitokeza. Ipige picha.

Anza na P0171. Mchanganyiko ukiwa na hewa nyingi kupita kiasi, kipimo cha masega hakiaminiki. Pasha injini ifike kama nyuzi 85, zima AC, fungua STFT na LTFT (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu), ujumlishe. Soma bila kukanyaga mafuta, kisha shikilia mizunguko 2500. Jumla ikiwa juu gari likiwa limetulia halafu ikashuka ukikanyaga, kuna hewa inapenya baada ya sensa ya hewa (MAF): gaskiti ya manifodi, mpira wa PCV (vali ya kutoa mvuke ndani ya injini), au mpira mkubwa wa hewa uliopasuka kwenye mikunjo (ukunje kwa mkono, ufa haujionyeshi wenyewe). Ikizidi kupanda ukikanyaga, shuku pampu, filta ya mafuta au MAF chafu. MAF ina spreyi yake. Ya kabureta iache, na waya usiuguse hata kwa pamba.

spana_kumi
Kuhusu P0420, fungua volti za B1S2, sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega. Injini ikiwa moto, shikilia 2500 dakika mbili tatu. Masega mazima yanahifadhi oksijeni, kwa hiyo volti inatulia karibu 0.6 hadi 0.8. Ikiruka haraka kati ya 0.1 na 0.9 bila kupumzika, masega yamechoka. Ila kagua kwanza kama eksozi inavuja kwenye maungio kabla ya sensa hiyo. Hewa ya nje inaidanganya.

Kukata hakuzimi taa. P0420 itabaki, na siku plagi au koili ikifa hutajua, maana taa ilishazoeleka.

mdau_rav4
Imetulia jumla ni +22, kwa 2500 ni +6. B1S2 inarukaruka.

umeme_wa_magari
Basi hewa inapenya, hilo halina ubishi. Ziba, futa kodi, endesha mjini na barabara kuu, halafu rudia B1S2. Usiende kupimwa moshi mara tu baada ya kufuta: vipimo vya ndani vya kompyuta vinakuwa havijakamilika, na cha masega huchelewa.

spana_kumi
Mkuu, pima na oili pia. 2AZ-FE za miaka hiyo zinajulikana kwa kula oili kupitia ringi za pistoni, na oili inayoungua ndiyo inayoziba masega. Jaza hadi alama ya juu ya kijiti, tembea kilomita 1000, soma tena. Ikipungua lita nzima, masega mapya utayaua vilevile.