Tupeane uzoefu: Komunyo ya Kwanza, Misa ya shule na kona ya sala. Wapi hukwama?

Mwalimu wa Dini (mwanzisha uzi)

Tumsifu Yesu Kristo, wakuu. Uzi huu ni wa walimu wa dini, makatekista, masista, wazazi na yeyote anayelea imani ya watoto katika shule ya msingi ya Kikatoliki. Tuweke mambo ya kutenda: hatua, muda, vifaa, na pale panapoharibika. Mahubiri tuwaachie mapadri.

Naanza na vyeti. Mtoto akiingia darasa la maandalizi ya Komunyo ya Kwanza (kupokea Ekaristi kwa mara ya kwanza), kitu cha kwanza kudai ni cheti cha ubatizo, daftari litafuata. Ukiliacha suala hilo hadi mwezi wa mwisho ndipo inagundulika kwamba mmoja alibatizwa parokia ya mbali, mwingine alibatizwa katika dhehebu jingine, na mwingine hajabatizwa kabisa. Hao watatu kila mmoja ana njia yake. Wa kwanza anahitaji barua tu. Wa pili, ikiwa ubatizo wake ni halali, habatizwi tena, anapokelewa katika ushirika kamili. Wa tatu, kama ametimiza umri wa kutumia akili (Sheria ya Kanisa inauhesabu kuanzia miaka 7), haandaliwi kama kichanga. Anaingia ukatekumeni (maandalizi ya kubatizwa) uliopangwa kwa ajili ya watoto, na huo una hatua zake. Hakuna kati ya hayo linalokamilika kwa wiki 2.

Jambo la pili ni nani mwenye kazi. Kanuni ya 914 ya Sheria ya Kanisa inawataja kwanza wazazi, kisha paroko (padri anayeongoza parokia). Shule inasaidia. Mwalimu anayepanga tarehe ya Komunyo peke yake na kumpelekea paroko orodha iliyokamilika anatafuta ugomvi.

Katekista wa Jioni

Milele amina. Niongezee hapo hapo: ungamo la kwanza linatangulia Komunyo ya Kwanza, kanuni hiyo hiyo inasema.

Kwenye kitubio, yaani sakramenti ya kuungama, wengi tunafundisha hatua 5 kwa kukariri: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama, kutimiza malipizi anayopewa na padri. Watoto wanazitaja kama wimbo, halafu wakifika mbele ya padri wanaganda. Wanajua hatua, ila hawajui mlango uko wapi, wapige magoti au wakae, na nani aanze kusema. Dawa yake ni mazoezi ya mwili mzima. Weka kiti, katekista akae kama muungamishi, mtoto aingie, afanye ishara ya msalaba, aseme kwamba hili ni ungamo lake la kwanza, ataje dhambi 2 za kubuni ulizompa wewe, asikilize, asali sala ya kutubu, atoke. Dhambi ziwe za kubuni, nasisitiza. Ukimwachia achague mwenyewe, atataja za kweli mbele ya wenzake.

Suala la kuandika dhambi kwenye karatasi lina pande mbili. Mtoto msahaulifu anasaidika, lakini karatasi ikidondoka kwenye benchi, kabla ya kengele darasa zima limeshaisoma. Kama lazima iwepo, iandikwe bila majina ya watu wengine, ikae kwa mtoto mwenyewe, na ichanwe mara baada ya padri kumwondolea dhambi. Mwalimu asiikusanye. Kuna wanaoikusanya wakasahihisha hata tahajia!

Tena, kabla hujawapa Amri 10 watoto wa miaka 8, watenganishie ajali na dhambi. Kuvunja glasi bila kukusudia ni ajali. Kuivunja kisha kumsingizia mdogo wako, hapo umejua na umetaka. Usipoweka mstari huo mapema, utapata watoto wenye dhamiri yenye hofu, wanaotaka kuungama kila walichodondosha.

Hesabu Kwanza

Katekista kasema vizuri, mimi naleta hesabu. Watoto 45, kila mmoja dakika 3, ni dakika 135. Padri mmoja atakaa saa 2 na robo, na watoto wa mwisho watakuwa wameanza kupigana teke. Waombeni mapadri 3, mtamaliza kwa dakika 45 hivi. Mkikosa, gaweni siku mbili.

Mahali pa kuungamia pawe panaonekana lakini hapasikiki. Padri na mtoto waonekane na mwalimu aliye mbali, kwa usalama wa wote wawili, ila foleni isisogee karibu. Nyimbo za taratibu zikiendelea zinafunika sauti. Mtoto akitoka asiulizwe "umeungama nini?" wala "umepewa malipizi gani?", hata kwa utani. Kuna pia shule zinazompeleka mtukutu kwa padri kama adhabu, badala ya kuchapwa anaambiwa nenda kaungame. Mtoto huyo akikua ataikwepa sakramenti kama anavyoikwepa ofisi ya nidhamu.

Wa Sakristia

Nije kwenye Komunyo yenyewe. Fanyeni mazoezi kwa hostia (vipande vyembamba vya mkate wa Komunyo) ambazo hazijawekwa wakfu. Sababu ni ya kawaida tu: inakauka ulimini na kunata kwenye kaakaa, na mtoto asiyeizoea ataitoa mdomoni kwa vidole mbele ya altare. Hostia za mazoezi zikae kwenye bakuli la kawaida, siborio (chombo cha hostia zilizowekwa wakfu) isiguswe, na zinazobaki ziondolewe kabisa sakristia siku hiyo hiyo. Zikichanganyika na zile zilizowekwa wakfu hakuna atakayeweza kuzitofautisha kwa macho.

Anayepokea mkononi: kiganja cha kushoto juu ya cha kulia, viwe wazi na juu kidogo karibu na kifua, aseme "Amina" kwanza, apokee, asogee hatua moja pembeni, ale pale pale kabla ya kurudi kwenye benchi. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze mpangilio. Anayepokea ulimini atoe ulimi kiasi cha kutosha, afumbe mdomo baada ya padri kutoa vidole. Fundisheni namna zote mbili pale zinaporuhusiwa, uchaguzi ni wa anayepokea, si wa mpiga picha. Mwangalie pia mtoto anayetembea na hostia mkononi. Mara nyingi si utovu wa heshima, hakuambiwa tu kwamba aile pale pale.

Mfungo ni saa 1 kabla ya kupokea Komunyo, sio kabla ya Misa kuanza. Maji na dawa havivunji mfungo. Misa ikianza saa 4 asubuhi na Komunyo ikafika kwenye saa 4:45, mtoto aliyekula saa 2:30 yuko salama kabisa. Wanaozimia siku ya Komunyo ni wale walioshindishwa njaa tangu jana yake na wazazi wenye nia njema.

Ulizeni mapema pia kama kuna mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki, yule asiyeweza gluteni ya ngano. Hostia zisizo na gluteni kabisa hazifai kutumika kwa sakramenti. Zenye gluteni kidogo sana zinakubalika, zikae kwenye chombo chake peke yake. Hata hizo zikimdhuru, anaweza kupokea Damu ya Kristo (divai iliyowekwa wakfu) peke yake kutoka kikombe kingine, ambacho padri hajatumbukizia kipande cha hostia.

Mama wa Darasa la Nne

Samahani, mimi ni mzazi. Mtoto wangu si Mkatoliki ila anasoma hapo. Kwenye Misa afanyeje? Na kwenye mtihani wa dini atafelishwa?

Mwalimu wa Dini

Karibu mama. Kwenye Misa akae na darasa lake, aimbe akitaka, asimame na kukaa na wengine. Wakati wa Komunyo abaki kwenye benchi, au pale paroko anapokubali, apite na mikono iliyokunjwa kifuani apate baraka. Halazimishwi kukiri imani. Kanuni ya 748 inakataza wazi kumlazimisha mtu kuipokea imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Mwambieni hayo mapema, kwa sababu mtoto akisukumwa na foleni atapokea tu, halafu lawama zinamrudia yeye.

Kuhusu mtihani: tunapima maarifa. "Taja sakramenti 7" ni swali halali kwa kila mwanafunzi, kama vile historia. "Je, unampenda Yesu?" si swali la mtihani, na alama za kusali kwa sauti nzuri hazipaswi kuwepo kwenye ripoti. Somo la dini na katekesi vinashirikiana, ila havifanani: la kwanza lina ratiba na madaftari, la pili linamwandaa mtu kuishi imani aliyoipokea.

Katekista wa Jioni

Hapo sikubaliani nusu. Ukiondoa kabisa kukariri sala kwenye upimaji, watoto hawatazijua. Mimi napima sala, ila ni maneno ya sala tu ninayoyapima. Namsikiliza mmoja mmoja, kwa sababu wakisali kwa pamoja, makosa yanajificha ndani ya sauti ya darasa. Kwenye Salamu Maria sikilizeni kama anasema "mzao wa tumbo lako" au "mzazi". Wafundishe kwa vipande vifupi, kipande kimoja na maana yake kabla ya kingine. Rozari nzima kwa darasa la kwanza ni ndefu mno, chukua tendo moja, yaani fungu moja la rozari: Baba Yetu 1, Salamu Maria 10, Atukuzwe Baba 1. Inatosha.

Mpiga Kinanda

Misa ya shule. Kuna Mwongozo wa Misa pamoja na watoto wa mwaka 1973, na wengi hawajaufungua. Unaruhusu kupunguza masomo, lakini Injili haiachwi kamwe. Unashauri kuepuka masomo yaliyosimuliwa upya badala ya Maandiko. Unaruhusu pia mtu mzima mwingine kuzungumza na watoto baada ya Injili, paroko akikubali, ikiwa padri anapata shida kushuka kwenye lugha yao. Injili yenyewe inasomwa na shemasi au padri, hata kama kuna mtoto wa darasa la saba mwenye sauti ya redio.

Mtoto msomaji afanyie mazoezi mimbarini, na maikrofoni ikiwa imewashwa na kushushwa hadi urefu wake. Mwonyesheni kwamba maneno "Somo la kwanza" na kichwa kidogo cha habari havisomwi, anaanzia "Somo katika kitabu cha...". Akimaliza ahesabu kimyakimya hadi 3, ndipo aseme "Neno la Bwana".

Maombi ya waamini yafuate mpangilio: Kanisa, viongozi na dunia, wenye shida, kisha jumuiya ya shule. Ombi moja, sentensi moja. Walimu wakiandika wao, yanakuwa taarifa ya habari.

Kwenye vipaji, yaani matoleo yanayopelekwa altareni, leteni mkate, divai, na kitu kitakachowafikia maskini kweli. Mpira na madaftari yanayopelekwa altareni kisha yanarudishwa darasani baada ya Misa, hiyo ni sadaka gani?

Na tafadhali, Kwaresima hakuna Aleluya, hata kama ndiyo wimbo pekee kwaya ya shule inaoujua.

Wa Sakristia

Kona ya sala, kwa kifupi: meza ndogo, Biblia iliyofunguliwa, msalaba, mshumaa, na kitambaa cha rangi ya kipindi cha mwaka wa Kanisa. Mpe mtoto mmoja kila wiki kazi ya kuitunza, la sivyo ndani ya mwezi mmoja inakuwa rafu ya madaftari na kitambaa cha kijani kinabaki hadi Ijumaa Kuu. Taji la Majilio (lenye mishumaa 4 ya Jumapili za kungojea Krismasi): mshumaa wa Jumapili iliyopita ndio unaowashwa Jumatatu, msiwahi. Shule ikifunga kabla ya Jumapili ya 4, ule wa mwisho uwashwe nyumbani.

Hesabu Kwanza

Kabla sijasahau, majivu ya kupakwa kwenye paji la uso. Yanatokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia, hivyo anzeni kuyakusanya majumbani wiki 2 kabla ya Jumatano ya Majivu. Yakauke kabisa, yachomwe nje ndani ya bati, yapoe, yasagwe na kuchujwa kwa chujio la matundu madogo. Matawi mengi hutoa majivu machache, msishangae. Msiyakoroge na maji yakawa tope: maji ya majivu ni makali kama magadi na yanaweza kuunguza ngozi ya mtoto, hasa yakikaa usoni hadi jioni. Yatumike makavu, au kwa matone machache ya mafuta. Yakiingia jichoni, osheni mara moja kwa maji mengi safi, msingoje Misa iishe.