Table Mountain ya Cape Town: teleferike ao miguu? Tuko na siku tatu tu

Mtoto wa Katuba

Bandugu, jambo. Mwezi wa saba, likizo kubwa ikianza, tutapita Cape Town siku tatu: mimi, madamu, mama yangu (miaka 66, magoti yake na ngazi hawapatani) na watoto wawili, mmoja miaka 9, mwingine 14. Kila mtu anatuambia tusirudi Lubumbashi bila kusimama juu ya ule mlima wa meza.

Sasa maulizo. Teleferike (kabini inayovutwa kwa kamba mpaka juu) inatosha, ao ni lazima kupanda kwa miguu ndipo useme umeuona? Tike tununue kwa internet tukiwa bado huku, ao pale mlangoni? Na kama wengine wanapanda kwa miguu na mama kwa teleferike, tutakutana juu bila kupoteana? Kwenye ramani naona njia inayoanzia nyuma kabisa ya kituo cha chini, inaonekana fupi sana. Ni hiyo tupite?

Fundi wa Kampemba

Mukubwa, kabla ya teleferike na miguu, uangalie kwanza mwezi. Mwezi wa saba huku kwetu ni kiangazi: asubuhi baridi, mchana vumbi, mvua hakuna hata tone. Cape Town ni kinyume. Mvua yao ni ya majira ya baridi, mwezi wa tano mpaka wa nane, inatoka baharini na upepo wa kaskazini-magharibi, na mlima unaweza kujifunika siku mbili mfululizo. Tena kila mwaka teleferike inafungwa kwa matengenezo, na mara nyingi wanachagua mwisho wa mwezi wa saba ao mwanzo wa ule wa nane, sababu ndio wakati wageni wamepungua. Tarehe zinatangazwa mapema kwenye tovuti yao. Zitazame kabla ya kulipa hoteli. Familia nyingi za likizo kubwa zinakwama hapo hapo: zimefika, anga ni safi, na kabini zimefungwa zinakaguliwa.

Ukishavuka hilo, anayebaki kuamua ni upepo. Kabini ni mbili, zinavutana kwa kamba: moja ikipanda, ya pili inashuka. Kila moja inabeba watu 65, na chini ya sakafu kuna tangi la maji la litri 4,000. Maji hayo yanaipa kabini uzito ili isiyumbe, halafu yanatumika huko juu kwenye kituo. Lakini uzito nao una mwisho wake. Upepo ukizidi wanafunga, hata kama jua linawaka na mji mzima unakiona kilele bila wingu. Ndipo utasikia mtu anagombana na mlinzi: mbona leo ni pazuri na mmefunga? Chini pametulia, juu panavuma, ndiyo sababu.

Wakiwa na majira ya joto, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, ni upepo wa kusini-mashariki. Huo ndio unaoleta lile wingu jeupe linalomwagika kwenye ukingo kama kitambaa cha meza. Kwenye picha ni zuri. Ukiwa ndani yake huoni mita kumi mbele.

Kwa hiyo katika siku zako tatu, ya kwanza yenye anga safi na upepo mdogo ndiyo siku ya mlima. Mambo mengine yote yasogezwe. Anayeuweka mlima siku ya mwisho anacheza kamari.

Yaya wa Bel-Air

Nianze na ile njia uliyoiona nyuma ya kituo, sababu ndiyo inayoleta matatizo. Inaitwa India Venster. Usipite hapo na watoto. Inadanganya kwa vile inaanza kama njia ya kawaida, inapanda polepole chini ya kamba za teleferike, na kwa kuwa iko pale pale kituoni mtu anafikiri ndiyo njia kuu. Sehemu ya juu unakuta mwamba umesimama wima na vyuma vimepigiliwa kwenye jiwe, na minyororo ya kushikilia. Mzoefu anapanda. Asiye mzoefu anafika katikati, anaogopa kuendelea, na anapogeuka kushuka anaona kwamba hajui tena mguu aweke wapi. Kushuka pale ni kugumu kuliko kupanda, usijaribu hata kidogo.

Njia yenu ni Platteklip Gorge. Kutoka kituo cha chini mnafuata barabara ya Tafelberg, mlima ukiwa upande wa kuume, karibu kilometa 1.5, mpaka ubao wenye jina hilo. Kuanzia hapo ni kama kilometa 3 na mita 700 za kupanda. Mita 700 zifikirie kama etaji 230 bila lifti. Ni ngazi za mawe zinazopinda kushoto na kuume, na baadhi ya mawe yanafika magotini kwa mtoto wa miaka 9, kwa hiyo yeye anachoka mara mbili. Sehemu ya mwisho unaingia katikati ya kuta mbili, panakuwa pembamba, na ghafla umetokea juu. Mwenye mazoezi saa moja na nusu. Familia, hesabu saa tatu na usione haya.

Maji: litri 2 kwa mkubwa, moja na nusu kwa mtoto, mbebe kutoka chini. Mkiona kijito chenye maji ya rangi ya chai ya rangi, si uchafu, ni mimea ya mlima inayotoa ile rangi. Lakini msikitegemee kwa kunywa. Hiyo njia inatazama kaskazini, na kusini huku ya dunia jua linapita kaskazini. Mwezi wa saba hilo ni zuri. Mwezi wa kumi na mbili saa sita mchana, ni kikaango.

Mkitokea juu, kuume ni kituo cha teleferike, dakika 15 hivi na pametandaa. Kushoto ni Maclear's Beacon, rundo la mawe kwenye mita 1,086, ndiyo kilele chenyewe. Kwenda na kurudi inazidi saa moja. Kwa kweli kuona bahari na mji ni kuzuri zaidi upande wa kituo. Beacon ni kwa anayetaka kusema alifika mwisho.

Kuna njia nyingine mtakazotajiwa. Skeleton Gorge inaanzia ndani ya bustani ya Kirstenbosch (mnalipa kiingilio), ina ngazi za mbao na inapita ndani ya kijito. Mvua ikinyesha, mawe yanateleza kama sabuni. Kwa mwezi wa saba iacheni. Kasteelspoort ya upande wa Camps Bay ni nzuri, lakini inakutoa nyuma ya mlima, na kutoka pale mpaka kituo cha juu bado kuna mwendo mrefu. Mama atawasubiri mpaka akasirike.

Papa Ruashi

Kwa tike, kijana wangu, sikilizeni vizuri. Tike ya internet inabaki na nguvu siku 7 kuanzia tarehe uliyoichagua. Basi chagua tarehe ya siku ya kwanza ya kukaa kwenu, hata kama hamna nia ya kupanda siku hiyo. Ukichagua ya pili, umejinyang'anya nafasi moja wewe mwenyewe. Tike hiyo inakuondolea foleni ya dirisha la kulipia, lakini foleni ya kuingia kabini bado utasimama kama wote.

Tike ya asubuhi, mpaka saa 13:00, ni ya bei kubwa kuliko ya mchana. Ya asubuhi kwenda na kurudi kwa mkubwa inapita randi 400, na bei inabadilika kila wakati, tazama tovuti. Kuna pia tike ya upande mmoja, lakini usidhani ni nusu ya bei, ni zaidi ya nusu. Dola zako za mkononi, hata zile mpya zisizo na mkunjo, hazina kazi pale. Ni randi ao kadi ya benki. Na ile bure ya siku ya kuzaliwa ambayo watu wanaisambaza kwenye simu, ni kwa wenye kitambulisho cha Afrika ya Kusini. Pasipoti ya Kongo haiingii humo.

Kwa mama: teleferike inachukua dakika 5 hivi. Sakafu inazunguka yenyewe, kuta hazizunguki. Wengi wanakosea hapo. Mtu anashika chuma cha ukutani ili asianguke, sakafu inaondoka na miguu yake, mkono unabaki nyuma. Mama asimame katikati, amshike mtu mkono, aache ukuta. Na msisukumane kwa dirisha, katika safari moja kila mtu anazungushwa pande zote. Kuna sehemu za dirisha zilizo wazi, kwa hiyo kofia na simu mzishike. Kiti cha magurudumu kinaingia bila shida, na juu kuna njia zilizotengenezwa kuzunguka kituo, atafika penye kuona kisiwa cha Robben Island na kilima cha Lion's Head bila kupanda ngazi nyingi. Jaketi ya kuzuia upepo ni lazima, hata mkiondoka hotelini mnatoka jasho.

Mtoto wa Katuba

Asante sana, wakubwa. Mama anauliza kama kule juu atakosa pumzi. Na kushuka, tushuke kwa miguu ao kwa kabini?

Fundi wa Kampemba

Mwambie mama kwamba Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na ule mlima wote mwisho wake ni 1,086. Kila usiku analala juu kuliko kilele chao. Atasikia masikio yanaziba kidogo kabini ikipanda haraka, ameze mate, basi.

Kushuka: kabini. Mnaopanda kwa miguu mnunue upande mmoja. Ngazi za Platteklip zinapiga magoti wakati wa kushuka kuliko kupanda, na ajali nyingi za kifundo cha mguu zinatokea mtu akiwa amechoka, anashuka mbio kwenye changarawe. Lakini kuweni tayari kushuka kwa miguu hata hivyo, sababu upepo unaweza kuamka mkiwa juu. King'ora kikilia, maana yake hali inabadilika na wanataka kufunga. Msimalize picha, nendeni kituoni. Anayekwama ni yule aliyekuwa Maclear's Beacon, mbali, anafika kabini ya mwisho imeshaondoka. Mkibaki, njia ya kushuka ni ile ile ya Platteklip, saa mbili, na mwezi wa saba jua linazama karibu na saa 18:00. Kwa hiyo tochi moja yenye betri, si ya simu, iwe ndani ya mfuko.

Yaya wa Bel-Air

Nongeze mambo mawili. La kwanza, msiseme tu "tutakutana juu." Juu ni uwanja wa karibu kilometa 3 kutoka ncha mpaka ncha. Semeni: ndani ya kituo cha juu, mlangoni. Na mama asipande mpaka ninyi mmepiga simu kwamba mmetokea juu. Kama upepo umefunga kabini ninyi mkiwa njiani, heri yeye awe chini kwenye kiti kuliko mjue mmeachana.

La pili, wezi. Wako kwenye njia za mlima na kando ya barabara ya Tafelberg, wanapenda mtu mmoja ao wawili mahali pasipo watu. Pandeni Jumamosi ao Jumapili asubuhi, Platteklip inajaa watu, mjiunge na kundi. Simu isikae mkononi. Shida ikitokea, 112 inapigika kutoka simu yoyote. Na pimbi wale wanaoota jua kwenye mawe, mtoto asiwalishe. Wanauma.

Mtoto wa Katuba

Sawa. Basi mpango: mimi na mkubwa wa miaka 14 Platteklip, madamu na mama na mdogo kabini. Saa yao ni sawa na yetu, kwa hiyo sisi tutaanza kupanda saa 6:30 asubuhi, jua likiwa limetoka, na saa 9:00 tuko juu.

Papa Ruashi

Saa ni sawa, jua si sawa. Mwezi wa saba Lubumbashi linatoka saa 6:30 hivi, Cape Town linakaribia saa 7:50. Saa 6:30 mtakuwa wawili gizani kwenye barabara ya Tafelberg, ndicho kile yaya amekukataza sasa hivi. Anzeni saa 8:00, muwe juu saa 11:00, madamu na mama wapande hapo. Na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano muibebe kila mmoja, hata mtoto. Ukitoka Kongo wanaiomba uwanjani.