Nimestaafu ualimu, presha imepanda. Zahanati inatosha au niende hospitali kubwa?

Mwalimu wa Uyole
Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, nimestaafu mwaka jana nikiwa na 60. Kazini nilikuwa natembea kilomita tatu kwenda, tatu kurudi, mvua inyeshe isinyeshe. Tangu nikae nyumbani ni kiti na redio, na baridi ya mwezi wa sita ikanifungia ndani kabisa. Zahanati ya mtaani walinipima presha: 158/96. Wiki iliyofuata 154/94. Wakanipa dawa ya presha, amlodipini. Nikameza siku 20, nikajiona mzima, nikaacha. Wanangu wanasema nihamie kwa daktari bingwa mjini. Nauli na foleni za kila mwezi nitaziweza? Na mazoezi gani yanamfaa mtu mwenye goti linalouma?

Nesi Mstaafu, Ipogolo
Kamwene mwalimu. Hapo uliposema "nikajiona mzima, nikaacha" nimeshtuka. Wodini nimepokea watu wa kiharusi, na ndugu wakiulizwa wanajibu maneno hayohayo. Presha haiumi, mwalimu. Ulikuwa mzima kwa sababu dawa ilikuwa inafanya kazi. Rudi kesho, waambie ukweli uliacha lini. Usinunue dukani ukajipangia dozi.

Zahanati inatosha kukupima na kukufuatilia. Presha ikigoma kushuka chini ya 140/90, wao wenyewe watakuandikia rufaa, na hapo ndipo bingwa anapokuwa na kazi. Shika kituo kimoja na daftari moja. Ukizunguka vituo vitatu, kila mmoja anaanza na wewe upya. Omba wakupime sukari na mkojo pia, maana presha inakula figo kimyakimya. Miguu ikivimba kwenye vifundo, inaweza kuwa ni hiyo amlodipini: waambie wabadilishe, usiache mwenyewe. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya kwenye mboga.

Ila mdomo ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu ghafla au kifua kikibana, usipitie zahanati. Hospitali kubwa moja kwa moja.

Mkulima wa Tukuyu
Pole mwalimu. Mimi nina 67. Inatakiwa dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, mwendo wa kuongea bila kuweza kuimba. Kwa goti lako tafuta njia tambarare. Huku kwetu miteremko ndiyo inayoumiza, kupanda kuna nafuu. Asubuhi shika ukingo wa meza, simama mguu mmoja, kisha mwingine. Sisi wazee kuanguka ndiko kunatumaliza.

Mwalimu wa Uyole
Nimetoka zahanati sasa hivi. 160/98. Nilidhani watanigombeza, yule binti wa zahanati akaniuliza tu kwa upole kilichonifanya niache, akaniandikia tarehe ya kurudi kwenye daftari. Kidonge nimemeza mbele ya mke wangu, na kesho tunakwenda naye sokoni kwa miguu. Ndaga fijo, asanteni sana.