Tupeane uzoefu: nani waliyoitengeneza Moshi vijijini na Meru, na nyumbani kwenu mlisimuliwaje?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Jumamosi nilikuwa Old Moshi tunamzika babu yetu mdogo, tukishamaliza tumekaa pale migombani kijana mmoja wa ukoo yuko form two akauliza hivi Mangi Meli alikuwa nani hasa, tukatazamana watu wazima kama sita. Mmoja akasema alinyongwa na Wajerumani, basi, hapo ndo mwisho. Iliniuma mno kwa sababu aliyekuwa anayajua yote ndo huyo tuliyetoka kumfukia.

Nilichoshika mimi toka kwake ni kwamba Meli alikuwa mangi, yaani chifu, wa Old Moshi, mtoto wa Rindi, yule wanayemwita Mandara, baba alielewana na Wajerumani ila mtoto akakataa, 1892 akapigana nao akawashinda na kiongozi wao von Bülow akafa, mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pale Tsudunyi, yeye na wenzake jumla watu 19, na kichwa chake ukoo umekitafuta Ujerumani miaka na miaka. Babu akipita pale kwenye ule mti aliponyongewa alikuwa anavua kofia, haongei kitu, anaivaa tena akishavuka. Me nilikuwa mdogo nikawa navua na mimi bila kujua kwa nini.

Haya, kwenu ni nani? Sio lazima awe mangi.

Wa Kibosho: Kwetu ni mangi Sina, hakuna mjadala. Ngome yake ilikuwa ya mawe, Wissmann wa Wajerumani alikuja na jeshi 1891 ndo akaivunja. Baba alikuwa akituona tunalia kwa kuchapwa anasema huyo siyo wa Sina.

Wa Kilema: Mimi naomba niongelee kahawa maana ndo iliyonisomesha. Mbegu zilianza kwa mapadre hapa hapa Kilema misheni ila waliyoifanya iwe mali ya Mchagga ni wazee wetu wenyewe, wazungu wenye mashamba walikuwa hawataki kabisa, wanasema mtasambaza magonjwa, kumbe hofu yao nyingine ni vibarua, mtu mwenye kahawa yake kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, atakwenda kulima ya nani? Bwana Dundas aliyekuwa mkuu hapa Moshi aliwaunga mkono wazee, 1925 wakaanzisha chama chao KNPA, Joseph Merinyo ndo rais wa kwanza, halafu 1933 ikaja KNCU, ushirika wa kahawa. Babu kadi yake ya chama alikuwa anaiweka kwenye kopo la chai pamoja na cheti cha ubatizo. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kichanjani, kahawa imeshamenywa imeoshwa imeanikwa, unapitisha mkono taratibu unatoa zilizovunjika na zenye weusi, jua linakuchoma shingo, bibi yuko upande wa pili anaimba nyimbo za kanisani na vidole vyake vinakwenda haraka kuliko vyetu wote. Januari ada inalipwa. Leo kihamba kile kimebaki na miche michache sana, nikienda naangalia pembeni.

Wa Marangu: Msimsahau mzee Yohani Kinyala Lauwo, inasimuliwa kuwa 1889 ndo alimpandisha Mjerumani Hans Meyer kileleni Kilimanjaro, amekuja kufariki 1996. Mlima mnaouona kwenye picha zote ni watu wa huku waliyoonyesha njia.

Wa Uru: Ngoja niwape wa kwangu ambaye hamtamkuta popote. Aliyechimba mfongo wetu, yaani mfereji wa maji. Unatoka juu korongoni unazunguka ubavu wa kilima unashuka kwenye vihamba bila pampu wala bomba, mtu alipima ule mteremko kwa macho tu akiruhusu maji yatangulie yamwonyeshe. Ukoo wake ndo uliyokuwa unagawa zamu, na zamu ya mama ilikuwa inaangukia usiku, tunakwenda na karabai, yeye anafungua kwa jembe na mimi naziba kwa magome ya mgomba na udongo. Ukiiba maji ya mtu unapeleka mbege, pombe yetu ya ndizi, na unaomba msamaha kwa isale, lile jani letu la kuombea msamaha. Mimi namuheshimu yule mzee kuliko mangi yeyote.

Wa Meru, Ngarenanyuki: Bibi yangu alikuwa na miaka tisa walipohamishwa Novemba 1951, karibu watu 3,000 walitolewa ili wazungu wapate ranchi, nyumba zikachomwa. Anasema mama yake aligeuka kuchukua chungu, akatoka na kuku mmoja tu kwapani, chungu kikabaki jikoni ndani ya moto. Watu wakachanga, wengine waliuza mbuzi, Kirilo Japhet akapelekwa Umoja wa Mataifa 1952 kuwasemea, na wakili Seaton wa hapo Moshi akiwa naye. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini bibi akilitaja jina la Kirilo anakaa vizuri kwanza kwenye kiti.

Mimi niliyeanzisha: Dada wa Meru huyo bibi yupo bado? Kama yupo nakuomba umrekodi hata kwa simu, mwanzo mpaka mwisho, hata anaporudiarudia usimkatize.

Wa Meru, Ngarenanyuki: Yupo kaka, macho tu ndo yamechoka. Ijumaa napanda basi.