Palace wahesabiwa siku, City wahesabiwa miaka: hizi sheria za pesa ni za nani?

Wandugu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jumatatu, Agosti 11, 2025, Mahakama ya Michezo kule Lausanne imeitupa rufaa ya Crystal Palace. Timu iliyobeba Kombe la FA, kombe lake kubwa la kwanza tangu ianzishwe mwaka 1905, imetolewa Europa League ikasukumwa chini kwenye Conference League, na nafasi yake wamepewa Nottingham Forest. Jumapili vijana walikuwa Wembley wakiwatoa Liverpool kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii. Hata jasho halijakauka, kesho yake watu wa makaratasi wakawanyang'anya walichokipata kwa miguu yao.

Wasionijua: mimi ni mtu wa Lubumbashi, Kongo, mtaa wa Katuba. Palace niliishika kwa ajili ya Yannick Bolasie, wakati alipokuwa anavaa jezi ya Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, na kule London anawachezesha mabeki kama watoto. Fainali ya Kombe la FA ya 2016 Bolasie alianza, tukafunga sisi kwanza, Manchester United wakarudisha na kutumaliza muda wa nyongeza. Miaka tisa nimebeba ile siku. Sasa tuna Mateta, ambaye baba yake ni Mkongomani. Kwa hiyo msiniambie hii ni habari ya Wazungu na pesa zao.

Mei 17, siku ya fainali ya Kombe la FA na Manchester City, tulikuwa kwenye nganda (baa) moja karibu na kwetu, saa kumi na moja na nusu jioni, baridi ya kiangazi imeanza, watu wamevaa makoti. Umeme ulikuwa umeondoka tangu asubuhi, tukachanga faranga za mafuta ya jenereta. Dakika ya 16 Mateta akaupokea mpira akiwa amewapa mgongo mabeki, akaachia, ukafika kwa Muñoz upande wa kulia, Muñoz akaumimina katikati, na Eze akaupiga palepale bila kuutuliza. Mama wa michopo aliacha makaa yake akaja kusimama mlangoni, kisu bado mkononi, akatazama hadi mwisho. Nyama za watu ziliungua na hakuna aliyelalamika. Kipa wetu Henderson alipookoa penalti ya Marmoush wa City, mzee mmoja nisiyemjua kabisa alinikumbatia akilia.

Watu wa City wanalia juu ya mkono wa Henderson nje ya boksi. Nakubali, mimi pia moyo ulisimama, na kadi nyekundu ingetoka nisingeshangaa. VAR, waamuzi wa video, iliangalia, ikaamua. Hayo ni ya uwanjani, yanaisha uwanjani. Mimi nalalamikia ya ofisini.

Sheria ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, inasema mtu mmoja hawezi kuwa na sauti kubwa katika klabu mbili zilizo kwenye shindano moja. Kampuni ya John Textor ilikuwa na asilimia 43 za Palace, na Lyon ni yake pia, na Lyon nao waliingia Europa League. Tarehe ya mwisho ya kunyoosha mambo ilikuwa Machi 1, 2025. Sasa mnakumbuka Machi 1 ilikuwa siku gani? Ni siku Palace walipocheza na Millwall raundi ya tano ya kombe lilelile. Siku Mateta alipopigwa teke la kichwa na kipa, akatolewa kwa machela, sikio likashonwa nyuzi 25. Yaani siku ambayo kwa UEFA mlango unafungwa, kijana wetu yuko hospitali anashonwa sikio kwa ajili ya kombe ambalo hakuna aliyeamini Palace watalichukua. Textor aliuza hisa zake baadaye, lakini wakaambiwa tarehe imepita. Basi. Tarehe ni tarehe.

Nasema hivi: kama tarehe ni tarehe, iwe tarehe kwa wote. Mwaka 2024 Manchester City na Girona, klabu za mkono mmoja, ziliingia Champions League zote mbili. Manchester United na Nice, mwenye hisa mmoja, ziliingia Europa League zote mbili. Hao walitafutiwa njia: hisa zikawekwa mikononi mwa wasimamizi wengine kwa muda, maisha yakaendelea. Najua mtaniambia walifuata utaratibu mapema. Sawa. Lakini nani anaweza kufuata utaratibu mapema? Ni yule mwenye ofisi nzima ya mawakili wanaolipwa kusoma barua za UEFA kabla hazijakauka wino. Palace hata nafasi ya Ulaya hawakuwa nayo mwezi wa Machi.

Sasa njooni kwenye pesa zenyewe, maana hapo ndipo ninapochemka.

Everton walishtakiwa na Ligi Kuu ya Uingereza Machi 2023 kwa kupitisha kiwango cha hasara. Kiwango ni pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, wao walifika 124.5. Novemba mwaka uleule wakakatwa pointi 10. Rufaa ikazishusha hadi 6, kisha Aprili 2024 wakakatwa 2 nyingine kwa hesabu za mwaka uliofuata. Nottingham Forest walishtakiwa Januari 2024, Machi wakakatwa 4. Miezi miwili! Msimu unaendelea, wachezaji wanaamka asubuhi wanakuta wameshuka kwenye jedwali na hawajacheza mechi.

Manchester City walishtakiwa Februari 6, 2023, mwezi mmoja kabla ya Everton. Mashtaka ya kuvunja sheria za pesa ambayo dunia nzima inayaita 115, yanayoanzia msimu wa 2009. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2024 ikamalizika Desemba. Ninapoandika haya, Agosti 2025, hukumu bado. Tangu washtakiwe wamechukua ligi mara mbili, wamechukua Champions League, na wamecheza fainali ya FA mara tatu mfululizo: 2023, 2024 na hii tuliyowafunga. Sisemi wana hatia. Wao wanakana, na asiyehukumiwa hajahukumiwa. Kama ni wasafi watangazwe wasafi, nami nitanyamaza. Ninachosema ni kwamba huyu amepewa miaka, na yule amepewa wiki. Muda wenyewe ndio zawadi. Ukiwa na kesi ndogo unapigwa haraka kwa sababu ni ndogo, ukiwa na kesi kubwa unangojewa kwa sababu ni kubwa. Sasa tunawafundisha nini wenye klabu? Kwamba ukivunja sheria moja utaumia, bora ushtakiwe kwa mia?

Chelsea nao waliuza hoteli zao mbili kwa kampuni ndugu yao kwa pauni milioni 76.5 ili hesabu zikae sawa. Ligi Kuu ikakubali. UEFA haikukubali, mwaka 2025 ikawatoza faini. Faini, wandugu. Tajiri anatozwa kitu alicho nacho kingi. Everton walitozwa pointi, kitu ambacho hawakuwa nacho cha kutosha.

Hapa Lubumbashi haya hatuyasomi tu. Mimi ni Cheminot, yaani shabiki wa klabu ya Lupopo, lakini nitasema ukweli wa jirani zetu. Mwaka 2011 Mazembe, klabu nyingine ya hapa Lubumbashi, walikuwa mabingwa wa Afrika miaka miwili mfululizo, wametoka kucheza fainali ya dunia na Inter. Waliwatoa Simba, wakawatoa Wydad wa Moroko. Halafu CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawafukuza kwa sababu ya makaratasi ya mchezaji wao Bokungu, na Simba na Wydad, wote wawili waliokwisha kufungwa, wakapelekwa kugombania nafasi yao. Hakuna aliyengoja miaka. Siku ile wenzangu wa Lupopo walishangilia mtaani. Mimi sikushangilia, na leo ninaelewa vizuri kwa nini.

Na nina yangu. Nimekuwa mtunza pesa wa timu ndogo ya vijana hapa mtaani. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, tuliingia fainali ya kombe la mtaa. Ikatoka barua: timu yenye deni la leseni haichezi, mwisho wa kulipa Ijumaa saa tisa. Deni letu lilikuwa dola 120. Tulichangisha kwa wazazi, dola tano hapa, faranga elfu tatu pale, nikabadilisha zote kuwa dola. Ijumaa saa nane na nusu niko mbele ya meza. Karani anahesabu, anafika kwenye noti ya ishirini, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni ina mpasuko mdogo, urefu wa ukucha wa mtoto. "Papa, hii imepasuka, hatukamate." Nikamwomba apokee ile mia, hiyo ishirini niilete. Akasema ni zote ao hakuna. Nikapanda manseba, pikipiki ya kukodi, mbio hadi kwa wabadilisha pesa wa sokoni, wakanikata dola nne kwa ajili ya ule mpasuko, nikaongeza za mfukoni kwangu, nikarudi. Saa tisa na dakika kumi. Mlango una kufuli, na karani yuko uani anakunywa soda. Aliniangalia tu.

Jumapili tukaandikiwa kushindwa bila kucheza. Timu ya pili ilikuwa na deni kubwa kuliko letu, tangu msimu uliopita, kila mtu alijua. Rais wao alikuja na gari yake kubwa, akaingia ofisini dakika tano, wakasema: "Bale batalipa kisha mechi." Wakapewa kombe. Kipa wetu, mtoto wa miaka kumi na sita, alikuwa amekuja na viatu kwenye mfuko wa plastiki, amevipaka rangi nyeusi usiku ili vionekane vipya. Aliniuliza: "Papa, mi nilikosea fasi gani?" Sikuwa na jibu. Sina hadi leo, na ndiyo maana nikisoma hukumu ya Lausanne mikono inanitetemeka.

Naongeza hapa kwa sababu wengine wameshaanza kunijibu kwamba Palace walijua sheria, kwa hiyo wakae kimya. Mimi pia nilijua sheria, na barua nilikuwa nayo mfukoni. Na yule anayesema eti mahakama imeshakataa hoja ya kwamba Palace walitendewa tofauti na Forest: nimesoma, najua imekataa. Kukataliwa mahakamani hakunifanyi nisione. Lile swali la City halikuwa hata mbele ya majaji hao.

Mwingine ameandika kwamba Conference League nayo ni kombe la Ulaya, tushukuru. Ndugu yangu, ukishinda ng'ombe ukapewa mbuzi, usiambiwe mbuzi naye ana nyama.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Ligi Kuu ya Uingereza itaje siku ya hukumu ya City. Sitaki wahukumiwe hivi au vile, nataka siku, iandikwe, kila mtu aione. Palace walipewa Machi 1. Sisi tulipewa Ijumaa saa tisa. Mtu wa City aliye humu, na najua mko wengi hadi hapa Katuba, aniambie: ninyi mmepewa lini?